Macho Kwanza, Simu Baadaye: Doña Chela na Wanafunzi Wasio na Makaratasi

Ni saa moja kasoro asubuhi, na ukungu umelala juu ya maegesho ya chuo hata taa za nguzoni zinaonekana kama zimefungwa pamba. Mwanamke mfupi, amevaa kizibao cha rangi ya chungwa juu ya koti la mumewe, anapita katikati ya magari akigonga vioo kwa kidole.

"Shuka, mwanangu. Njia nyeupe."

Mlango unafunguliwa. Kijana anashuka na begi lake, anatazama kulia, anatazama kushoto, halafu anajitahidi asionekane kwamba alikuwa anatazama.

"Umekula?"

"Nimekula, Doña Chela."

"Muongo. Mkate uko chumbani kwangu, wahi kabla wenzako hawajaumaliza. Na leo nani anakuja kukuchukua?"

"Kaka."

"Na gari gani?"

"Lilelile jekundu. La mlango usiofunga."

"Haya, nenda. Tembea kama mtu aliyelipa ada."

Kijana anacheka, anapotelea ukunguni. Mama anahamia gari linalofuata.

Anaitwa Graciela Urrutia, ana umri wa miaka arobaini na sita, na hapa wote humwita Doña Chela, yaani Bi Chela, isipokuwa watu wa mishahara. Kwenye orodha yao yeye ni karani msaidizi. Wanafunzi wasio na makaratasi, yaani vibali vya kuishi Marekani, wa chuo hiki cha Bonde la Kati, California, wanamjua kwa kazi nyingine: anawafikisha darasani, anawafikisha nyumbani, na katikati ya hapo anahangaika wasiache shule kwa hofu. Jina la chuo hatutaliandika. Wenyewe wanalijua, na anayewatafuta hana haja ya kusaidiwa na gazeti.

Chumba chake zamani kilikuwa stoo ya ramani. Sasa kina makochi mawili ya msaada, birika kubwa la kahawa yenye mdalasini, na meza ambayo haina hata karatasi moja. Hakuna daftari la wageni wala orodha ya majina. Ukimuuliza anahudumia wanafunzi wangapi, anajibu, "Wengi kuliko viti."

"Ukiandika jina la mtu, umemwandikia nani?" anauliza. "Mimi siandiki. Nina kichwa, na Mungu alinipa kikubwa, kofia hazinitoshi."

Analipwa dola ishirini na tatu kwa saa, na bajeti ya mwaka huu imempunguzia saa hadi thelathini kwa wiki. Kodi ya nyumba inakula karibu nusu. Msimu wa lozi anafunga mizigo kiwandani jioni, mumewe Fermín naye anaendesha mashine za kumwagilia kwenye mashamba ya watu. Fermín bado hana makaratasi. Chela alipata yake miaka tisa iliyopita, baada ya kuishi bila hayo tangu mama yake alipomvusha mpaka akiwa na meno ya utoto.

Katika chuo hikihiki yeye mwenyewe aliwahi kusoma. Muhula mmoja tu. Ulivuma uvumi kwamba migra, yaani maafisa wa uhamiaji, wanasimama getini, naye akakaa nyumbani siku ya kwanza, ya pili, kisha hakurudi tena.

"Hakuna aliyenifukuza," anasema. "Nilijifukuza mwenyewe. Ndiyo maana nikimwona mtoto amekaa kwenye gari anashindwa kushuka, mimi naumwa hapa." Anajigusa chini ya mbavu.

Mtu akisikia hayo atadhani Chela ni jasiri wa kuzaliwa asiyekosea. La hasha. Kosa lake la mwezi wa pili linasimuliwa bonde zima, na yeye ndiye anayelisimulia kwa sauti kubwa kuliko wote.

Ilikuwa wakati milozi inachanua. Mwanafunzi mmoja aliona magari mawili meupe yenye vioo vyeusi yakiingia mlango wa kaskazini, na ndani yake wanaume waliovaa vizibao vyenye beji. Akampigia Chela. Chela, roho juu, akaandika kwenye kundi la WhatsApp: "Wapo. Kaskazini. Ondokeni." Basi! Madarasa yakapukutika. Watu walipita madirishani. Mwingine alijificha kwenye jokofu la mkahawa, akatolewa anatetemeka kwa baridi.

Wanaume wale walikuwa wakaguzi wa nyuki. Chuo kina shamba la milozi la kufundishia, na kila mwaka mizinga ikiletwa lazima ikaguliwe. Kila mtu bondeni anajua hilo, hata mtoto mdogo. Lakini aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Miongoni mwa waliokimbia alikuwamo Nereida Coronel, binti wa miaka ishirini na mitatu, mwanafunzi wa uuguzi. Alikuwa katikati ya mtihani wa vitendo, anamwekea mdoli wa mafunzo mpira wa mkojo. Aliacha kila kitu, akaruka mfereji wa maji, akapoteza kiatu. Kwa kanuni za idara, kuondoka katikati ya mtihani ni kuanguka, na ukianguka mara mbili unatoka moja kwa moja. Nereida akarudishwa nyuma, akaambiwa amebakiwa na nafasi moja.

Jioni ileile Chela alikwenda kwa baba yake Nereida, Don Evaristo, mjane anayepogolea mizabibu, naye pia hana makaratasi. Alikuta maharage yako mezani.

"Kula kwanza," mzee alimwambia.

"Don Evaristo, nimekuja kuomba radhi, chakula hakitapita."

"Kitapita. Kula."

Akala. Mzee akamwangalia mpaka sahani ikaisha.

"Nyuki, Doña Chela?"

"Nyuki, Don Evaristo."

Mzee alicheka hadi akafuta machozi kwa kofia. Nereida hakucheka. Alikaa pembeni na kiatu kimoja mguuni, akasema neno moja tu: "Muhula mzima."

Kuanzia hapo Chela alikata shauri kwamba hakuna tahadhari itakayotumwa kabla ya mtu kwenda kuona. "Macho kwanza, simu baadaye," ndiyo sheria, na watoto wanaiimba kama shairi la chekechea. Wanaokwenda kuona ni wenye makaratasi peke yao. Wako sita: Chela, wapishi wawili wa mkahawa, mtunza maktaba, fundi bomba, na mlinzi Gurmit Sandhu, Singasinga wa kilemba cha buluu ambaye amelinda geti hili tangu chuo kilipokuwa na mabanda. Kila mmoja ana kizibao cha chungwa. Uvumi ukija, wengine wote wanabaki walipo, na wenye vizibao wanatembea kuelekea kule ambako uvumi umetoka.

Wanafunzi nao walidai ahadi yao. Kama ni kweli, tuambiwe, hapohapo, kila mmoja. Chela akaapa mbele yao kwamba habari ni zao, hatawaficha.

Jumatatu hii ya ukungu ndiyo siku ya mtihani wa Nereida, nafasi ile ya mwisho. Chela amemsindikiza hadi mlangoni mwa jengo la uuguzi. Binti hana rangi usoni.

"Kama nikisahau hatua?"

"Utakumbuka. Umemwekea mpira yule mdoli mara ngapi? Maskini hana siri tena kwako."

Nereida anatabasamu kidogo, anaweka simu yake kwenye kikapu kilicho nje ya chumba, kama watahiniwa wote wanavyotakiwa, na anaingia.

Saa tatu na nusu hivi redio ya Gurmit ikaita. Magari mawili ya rangi ya giza yalikuwa yamesimama maegesho ya magharibi, injini zikiunguruma. Mtu fulani alikwishaanza kunong'ona.

"Huenda ni nyuki," Gurmit alisema walipokutana njiani.

"Mwezi wa kumi na mbili, Don Gurmit?"

"Najipa moyo tu, dada yangu."

Walitembea pamoja, polepole, bega kwa bega. Walipobakiza hatua chache Chela akaona maandishi migongoni mwa wanaume wawili waliosimama nje ya gari. Hawakuwa watu wa nyuki.

"Habari za asubuhi," alisema. "Mimi ni Graciela, nafanya kazi hapa. Mmekuja kumwona nani?"

"Tunasubiri tu, mama," alijibu mmoja, kijana, kwa adabu.

"Mnasubiri mtu ambaye mna hati ya jaji ya kumkamata, au mnasubiri tu?"

"Hapa ni maegesho. Kila mtu anaruhusiwa."

"Kweli kabisa. Na ndani je? Madarasani?"

"Ndani hatujaomba kuingia."

"Basi tumeelewana. Bila hati ya jaji, mlangoni ndiyo mwisho. Ningewakaribisha kahawa, ila mkahawa uko ndani."

Gurmit anaapa kwamba yule kijana alicheka. Chela hakuona. "Nilikuwa nayatazama maandishi yale tu," anasema.

Walipogeuka akatuma ujumbe: "Tumeona kwa macho. Migra, magari mawili, maegesho ya magharibi. Kaeni madarasani. Fungeni milango. Msikimbie." Safari hii hakuna aliyeruka dirisha. Walimu walifunga milango, wakaendelea kufundisha. Chuo kizima kilikaa kimya kama nyumba yenye mgonjwa.

Kati ya wasio na makaratasi akabaki mmoja ambaye hakujua: Nereida.

Chela alifika kwenye korido ya uuguzi akakuta kikapu cha simu kinatetemeka. Simu zote zilikuwa zinaita kwa pamoja. Akakiinua, akakiweka juu ya koti lake lililokunjwa ili kelele zisiingie ndani. Kisha akachungulia kwenye kioo kidogo cha mlango. Nereida alikuwa ameinama juu ya mdoli, anamzungumzisha kama mtahiniwa anavyotakiwa: "Mama, sasa nitakugusa bega. Usiogope." Mwalimu wake, Bi Xiong, alimwona Chela kiooni, akainua nyusi. Nusu ya mtihani ilikuwa bado.

Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Akimwambia, ametimiza ahadi, na binti atakimbia, kwa kuwa ndivyo mwili wake ulivyofundishwa tangu utoto, na uuguzi umekwisha. Asipomwambia, atakuwa amemwamulia mtu mzima jambo la maisha yake. Na kulikuwa na jingine. Asubuhi ile alikuwa amemuuliza Nereida swali lake la kila siku, nani anakuja kukuchukua, na jibu lilikuwa: baba, saa tano, anapitia magharibi.

Akampigia Don Evaristo shambani.

"Usije," alisema. "Wapo hapa. Nimewaona kwa macho yangu."

Mikasi ya wapogoleaji wenzake ilisikika kwa mbali.

"Mtoto anajua?"

"Hajui. Yuko ndani, anafanya mtihani."

"Safari ile ulimwambia bila kuona. Leo umeona, na humwambii?"

"Ndiyo nakuuliza wewe, Don Evaristo."

"Ah." Mzee akavuta pumzi. "Anafanya vizuri?"

Chela akachungulia tena. "Mikono haitetemeki."

"Basi mwache amalize."

Alisimama pale mlangoni na kizibao chake, mgongo kwa mlango, uso kwa korido, hadi mwisho. Hakukaa. Fundi bomba alimletea kiti, akakikataa kwa kichwa tu. Robo tatu ya saa baadaye Gurmit akasema kwenye redio kwamba magari yameondoka, yameelekea barabara kuu.

Nereida alitoka anang'aa. "Doña Chela! Nimekumbuka zote! Hata ile ya..." Alikuwa ameona uso wa mama yule, halafu kikapu, halafu koti.

"Walikuwa hapa," Chela alimwambia. "Wameondoka sasa hivi."

"Baba?"

"Yuko shambani, salama. Nilimpigia asije."

Binti akachukua simu yake, akasoma, akasoma tena saa ya ujumbe wa kwanza.

"Ulijua muda wote huu."

"Nilijua."

"Uliapa."

"Niliapa. Ungekimbia, mwanangu."

"Ni miguu yangu!" Sauti yake ilijaza korido. "Nikimbie, nisikimbie, ni miguu yangu, Doña Chela! Wewe na baba mmekaa kwenye simu mmenipangia maisha yangu kama mtoto wa kunyonya."

Akaondoka bila kuaga, akasindikizwa nyumbani na mtunza maktaba. Chela hakumfuata wala hakujitetea.

Hapa chuoni watu wamegawanyika hadi leo. Bi Xiong anasema angefanya vilevile. Wanafunzi kadhaa wanasema ahadi ni ahadi, na leo ni kwa wema, kesho je? Pande zote mbili zina haki, na mwenye kumpenda Chela, kama wengi tunavyompenda, hana budi kukubali kwamba alivunja neno lake.

Alasiri ile ikaja habari nyingine. Magari yale yalisimamisha pikapu ya wapogoleaji barabarani, mbali kidogo na chuo, na wanaume wawili wakachukuliwa. Hawakuwa wanafunzi. Chela hakuwafahamu, lakini jioni alikwenda na Fermín kwa wake zao akiwa na sufuria ya wali. Tulipomuuliza kama siku ile ilikuwa ya ushindi, alikasirika kweli.

"Usiandike tumeshinda. Jioni ile mjini hapa nyumba mbili hazikupika. Andika kwamba binti mmoja alimaliza mtihani wake. Hilo liandike, ni kweli."

Nereida alifaulu. Matokeo yalitoka Jumatano. Alhamisi Nereida akaingia chumbani, akajimiminia kahawa, akakaa kwenye kochi akiwa amempa Chela ubavu.

"Safari nyingine utaniambia."

"Nitakuambia."

"Hata nikiwa nimeshika sindano."

"Hata ukiwa umeshika sindano. Ila kwanza uitoe kwa mgonjwa."

Binti alijaribu kununa, akashindwa. Kisha akatoa mashine yake ya kupimia presha, akamfunga Chela mkononi bila ruhusa, na alipoona namba akamgombeza kwa dakika kadhaa kuhusu chumvi na usingizi. Chela alisikiliza ameinamisha kichwa, anafurahi kupita kiasi.

Wapo wanaomuuliza, tena kwa kejeli, uuguzi huo utamsaidia nini mtu asiye na kibali cha kazi. Chela ana jibu lake tayari. "Cheti hakiozi. Sheria zinabadilika. Zisipobadilika, wakimpeleka upande wa pili wa mpaka, watampeleka na kichwa chake, na kule pia kuna wagonjwa."

Sasa akili yake yote iko kwenye Ijumaa ijayo. Wauguzi wapya wanapomaliza, kila mmoja humchagua mtu mmoja wa kumbandika pini ya uuguzi kifuani, mbele ya ukumbi mzima. Nereida hakusita. Amemchagua baba yake. Tatizo ni kwamba Don Evaristo, tangu binti aanze chuo, hajawahi kuvuka maegesho. Humshusha injini ikiwaka, akageuza. Alipoambiwa habari ya pini alisema, "Nipigieni picha."

Chela hataki picha. Ameupanga usiku huo kama harusi. Gurmit atakaa geti kubwa, mtunza maktaba atakuwa barabarani, fundi bomba magharibi. Mzee atakuja kwenye gari la Chela na ataingilia jikoni, ambako wapishi wawili watamfungulia. Kutoka jikoni hadi ukumbini ni ndani kwa ndani, hakuna hatua hata moja ya nje.

"Nikiona hata gari moja nisilolielewa, ninageuza," anasema. "Tunakwenda kwangu, tunakula tamali za unga wa mahindi, na pini mzee ataibandika jikoni kwangu. Na safari hii Nereida atajua kila kitu, kabla yangu ikiwezekana."

Kilichobaki ni mzee mwenyewe kukubali. Jana, tukiwa chumbani, simu ililia, na ilikuwa sauti yake.

"Doña Chela, ile pini ni ndogo sana."

"Umeipata wapi?"

"Nereida alinionyesha. Nimechukua nyingine dukani ya kufanana nayo. Nimelivika kiti koti langu la kazi, najaribu tangu jana. Mkasi naushika siku nzima hautetemeki. Hiki kidude kinatetemeka."

"Kinatetemeka chenyewe, Don Evaristo?"

"Usinitanie." Akakohoa. "Mwambie siku hiyo avae nguo nzito kidogo hapa kifuani. Nisije nikamchoma mtoto mbele za watu."

Chela alikaa wima. "Kwa hiyo unakuja?"

"Sasa nani mwingine atambandika?" mzee akasema.

Chela aliaga, akaiweka simu mezani, akajifuta macho kwa kizibao. Kisha akainuka kwenda kuwatafutia wapishi nguo za heshima, maana alisema baba wa muuguzi hawezi kufunguliwa mlango na watu waliovaa aproni zenye mafuta.